Kinanda hakijaua muziki, tatizo ni sauti za kiwandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nijibu lawama ambayo sasa imekuwa kiitikio: eti kinanda ndicho kilichoua taarabu, kikaua dansi, na sasa kimegeukia kwaya. Wanaosema hivyo wana nusu ya haki. Pita Jumapili asubuhi kuanzia Mbagala hadi Tegeta, kanisa baada ya kanisa, utasikia piano ileile iliyotandikiwa vayolini zilezile. Jumamosi usiku kwenye kumbi za harusi, tarumbeta ya Sinza ndiyo tarumbeta ya Ukonga. Ila kosa si la chombo. Tunawasha, tunachagua namba ya sauti, tunapiga. Ni sawa na kununua jezi ya mtumba yenye jina la mtu mgongoni na kwenda nayo hivyo hivyo ukumbini.

Sauti za kiwandani zimepikwa kumvutia mteja aliyesimama dukani Kariakoo akibonyeza kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa mkono mmoja. Kwa hiyo zimejazwa kila kitu: mwangwi mwingi, korasi (athari inayofanya sauti moja isikike kama nyingi), uzito chini, ukali juu. Ikiwa peke yake, sauti hiyo ni tamu. Iingize kati ya magita mawili, besi, ngoma na waimbaji sita, itawameza wenzake au itamezwa. Sauti inayofaa bendi, ukiisikiliza peke yake kwenye hedifoni, mara nyingi utaiona nyembamba na kavu. Mpiga kinanda asiyelijua hilo atahangaika kuongeza volyumu maisha yake yote.

Kutengeneza sauti yako mwenyewe si uchawi, na wala hakuhitaji chombo cha mamilioni. Kwanza ujue una chombo gani. Sinthesaiza kamili, mfano Roland JUNO-DS au Yamaha MODX, inakuruhusu kubadili kila kitu kuanzia wimbi lenyewe. Vinanda vyenye midundo ndani, vile vinavyopendwa makanisani kama Yamaha PSR-S na PSR-SX, vina ukurasa unaoitwa Voice Set. Pale unapata filta, yaani kichujio cha sauti, mwanzo na mwisho wa sauti, mtetemo na mwangwi, na unaweza kuhifadhi matokeo kama sauti yako. Namba za pale huongeza au kupunguza tu kile ambacho kiwanda kilikwisha kukiweka, kwa hiyo usitegemee kugeuza piano ikawa filimbi.

Kwenye vinanda vidogo nafasi ni finyu zaidi, lakini kuna mlango wa uani. Tangu 1983 vyombo hivi vinazungumza lugha moja, MIDI, na chombo chenye alama ya XG au GM2, ambavyo ni viwango vya lugha hiyo, hupokea amri namba 71 kwa rezonansi (msisitizo wa sauti pale filta inapokatia), 72 kwa mwisho wa sauti, 73 kwa mwanzo wake na 74 kwa uwazi wa filta. Kila amri inaanzia 0 hadi 127, na 64 maana yake acha kama ilivyo. Kompyuta kuukuu na waya wa USB vinatosha kuzituma. Ukizima kinanda mabadiliko hayo yanapotea, lakini ukiyahifadhi kwenye faili la wimbo unayatuma tena kwa sekunde moja.

Muundo wa ndani ni uleule kwa karibu kila chombo, na haujabadilika sana tangu Minimoog ya 1970. Kuna osileta inayotoa wimbi, kuna filta inayochuja, kuna amplifaya inayotoa nguvu, na kuna envelopu zinazoamua filta na amplifaya zifanye nini kadiri muda unavyopita. Wimbi la msumeno lina harmoniki zote, yaani sauti ndogo za juu zinazoipa noti rangi yake, kwa hiyo ndilo la kuanzia kwa vayolini, matarumbeta na nyuzi. Wimbi la mraba lina harmoniki za namba witiri tu, yaani 1, 3, 5, 7 na kuendelea; ndiyo maana linasikika kama kitu chenye uwazi ndani, karibu na klarineti. Pembetatu ni laini, inafaa filimbi na besi ya chini kabisa. Vinanda vingi vya leo vina sampuli za ala halisi mahali pa mawimbi hayo, lakini vikishapita hapo kazi ni ileile.

Kabla hujagusa chochote, zima athari zote: mwangwi, korasi, dilei, kila kitu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwangwi ni kama mchuzi mzito juu ya wali mbichi, unaficha. Ukikoroga sauti huku mwangwi umewashwa, utakuwa unahariri mwangwi. Kama chombo kina sauti tupu ya kuanzia, mara nyingi imeandikwa Init, anzia hapo. Kama hakina, chukua sauti ya kiwandani iliyo karibu na unachotaka na uivue nguo moja moja hadi ibaki wimbi na envelopu.

Envelopu ndiyo roho ya kazi hii, na naomba nikae hapa. Ina vituo vinne: muda wa kupanda, muda wa kushuka, kimo inapotulia wakati kidole bado kipo chini, na muda wa kufa ukishainua kidole. Sikio la binadamu linatambua ala kwa kiasi kikubwa kutokana na mwanzo wa sauti. Chukua sampuli ya piano, muda wa kupanda uupeleke milisekunde 300, na watu watakuambia ni aina ya vayolini au hamoniamu, ingawa hujagusa wimbi hata kidogo. Rudisha sifuri, piano inarudi. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na filta, pata kwanza mwanzo na mwisho.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, muda wa kupanda ukiwa sifuri kabisa kwenye sauti nzito, unasikia "tik" kila ukibonyeza, kwa sababu wimbi linaanza ghafla katikati ya mwendo wake. Weka milisekunde 2 hadi 5 na tik inaondoka bila noti kuonekana imechelewa. La pili ni muda wa kufa kuwa mrefu. Hili piga hesabu, usikisie. Singeli ikienda midundo 240 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 250, na robo ya pigo ni milisekunde 62.5. Sauti ambayo inakufa kwa milisekunde 200 itakuwa bado inalia noti tatu mbele, na mchezo mzima unageuka uji. Kwa singeli weka 40 hadi 60. Taarabu inayotembea midundo 100 ina milisekunde 600 kwa pigo, hapo 400 haina shida.

Sasa tutengeneze kitu. Akodiani ni ala ambayo okestra za taarabu za mwambao ziliizoea kwa miaka mingi, na kwenye vinanda vingi sauti yake ya kiwandani ni mbaya. Chukua osileta mbili, zote wimbi la mraba lililobanwa hadi asilimia 25 hivi, yaani sehemu yake ya juu ishike robo tu ya kila mzunguko. Ya kwanza iache kwenye tuni, ya pili ipandishe senti 12. Senti hizi si zile za Benki Kuu: nusu toni moja ina senti 100. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta ule mtetemo wa akodiani, kwa sababu ndani ya ala halisi kuna ndimi mbili za chuma kwa noti moja na hazilingani kabisa. Kwenye noti ya La ya herzi 440, senti 12 zinaleta mapigo 3 kwa sekunde. Oktava moja juu yanakuwa 6, oktava moja chini ni 1.5. Hapo unaona tatizo lenyewe: juu sauti inatetemeka kama mtu mwenye homa, chini imelala. Mafundi wa akodiani wanalijua, ndiyo maana hupunguza senti kadiri wanavyopanda. Wewe gawa kinanda sehemu mbili, chini ya Do ya kati weka senti 14, juu yake weka 8, na mpaka wake hautasikika kirahisi.

Ongeza osileta ya tatu oktava moja chini, kwa sauti ndogo, kama desibeli 12 chini ya nyingine, ili kuwe na kifua. Filta ifunge kwenye herzi 4,000 hivi, mteremko wa desibeli 12 kwa oktava, rezonansi sifuri, na envelopu ya filta isiwepo kabisa. Kupanda kwa sauti weka milisekunde 30 hadi 40, kimo kiwe juu kabisa, kufa milisekunde 60. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifikirii: ondoa hisia ya mguso, iwe sifuri. Akodiani haijali umebonyeza kwa nguvu gani, nguvu yake inatoka kwenye mvukuto. Mvukuto wako ni pedali ya volyumu, amri namba 11 ya MIDI. Ifunge pedali hiyo kwenye sauti, na kidogo kwenye filta, ili ukikanyaga sauti ipande na ing'ae kwa pamoja. Usiweke vibrato, usiweke korasi. Mtetemo umeshatoka kwenye osileta mbili, ukiongeza mwingine juu yake unapata sauti ya kanda iliyopigwa jua.

Qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, inadai uvumilivu zaidi. Kila noti ya qanuni kwa kawaida ina nyuzi tatu, na mpigaji anazikwangua kwa risha iliyofungwa kidoleni. Kwa hiyo osileta tatu za msumeno: moja sifuri, moja senti 3 juu, moja senti 3 chini. Usizidishe, tatu zinatosha, ukifika 10 unapata piano ya baa isiyotuniwa. Amplifaya: kupanda milisekunde 1, kushuka sekunde 2 kwa noti za kati, kimo sifuri, kufa milisekunde 400. Ile sifuri ya kimo ni muhimu. Ukiacha hata asilimia 10, kidole kikikaa chini utasikia ogani ndogo imejificha nyuma ya uzi.

Filta iweke chini, herzi 800, mteremko wa desibeli 24, halafu envelopu yake iifungue hadi herzi 6,000 na kuifunga tena ndani ya milisekunde 150. Huo mfunguko wa haraka ndio mkwaruzo wa risha. Kama chombo kina osileta ya kelele, ongeza kelele ya milisekunde 12 tu mwanzoni, kwa sauti ndogo sana. Nguvu ya mguso ielekeze kwenye kiasi cha filta kuliko kwenye volyumu: ukipiga kwa nguvu uzi ung'ae, ukipiga polepole uwe mweusi. Uzi mfupi hufa haraka kuliko mrefu, kwa hiyo tafuta kipengele kinachofanya muda wa kushuka ufuate vitufe. Do ya kati ikichukua sekunde 2, oktava mbili juu ichukue sekunde 0.7. Bila hilo, noti za juu zitaning'inia kama kengele na watu watadhani unapiga krismasi.

Na jinsi ya kupiga ni nusu ya sauti. Kodi za vidole vinne hazipo kwenye qanuni, piga mstari na oktava yake. Pedali ya sasteni, ile inayoendeleza noti ukishainua kidole, usiiguse, mguu ukae mbali.

Halafu linakuja suala la makamu, yaani skeli za muziki wa Kiarabu kama rasti, bayati na hijazi, ambapo kinanda kinalaumiwa kwa haki kabisa. Rasti na bayati zina noti zinazokaa katikati ya kitufe cheupe na cheusi. Ukizipiga kwenye tuni ya kawaida ya kinanda, unazilazimisha ziwe meja au maina ya Kizungu, na mzee anayejua taarabu atakunja uso kwenye mstari wa kwanza. Dawa ipo kwenye vinanda vingi na haitumiki: ukurasa wa Scale Tune, unaokuruhusu kushusha au kupandisha kila moja ya noti 12 peke yake. Kwa rasti inayoanzia Do, shusha noti ya Mi senti 50 na noti ya Si senti 50. Kwa bayati inayoanzia Re, shusha Mi senti 50, na kwa noti ya Si piga kitufe cheusi cha chini yake bila kukigusa tuni. Hamsini ni pa kuanzia tu. Mi ya rasti huwa juu kidogo kuliko Mi ya bayati, na waimbaji wanatofautiana, kwa hiyo keti na mwimbaji wako, mpe noti moja ndefu, sogeza senti 5 kwa 5 hadi ule ugomvi wa mawimbi utulie. Hijazi haina shida hii kubwa, inapigika vizuri kwenye tuni ya kawaida.

Tahadhari tatu hapo. Kama chombo kinaruhusu, weka tuni hiyo kwenye sauti ya qanuni peke yake, la sivyo besi na kodi za mkono wa kushoto nazo zitashuka. Mwambie mpiga gita aikwepe Mi, kwa kuwa vibano vya shingo ya gita haviwezi kumpa ile ya katikati. Na ukihamisha ufunguo wa wimbo kwa batani ya transpozi, jaribu skeli yote upya kabla hamjaanza, maana noti uliyoishusha huenda isihame pamoja na wimbo.

Kuna hitilafu moja ambayo watu hupoteza wiki nzima wakiihariri, kumbe si ya sauti. Noti moja inapiga kelele hata ukiigusa taratibu, au inagoma kabisa. Chini ya kila kitufe kuna kipande cha mpira chenye migusano miwili ya kaboni. Chombo hupima muda kati ya mgusano wa kwanza na wa pili, na muda huo ndio nguvu ya mguso. Vumbi likiingia mgusano wa kwanza, hesabu inaharibika. Dar hii yenye unyevu na chumvi ya bahari inamaliza migusano haraka, hasa chombo kikilala wazi usiku. Dawa ni kufungua, kufuta kaboni na ubao wake kwa pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kuacha ikauke, na kufunga. Usikwangue kwa msasa wala kisu, kaboni ikitoka imetoka. Usipulize mafuta ya kulainisha kutu. Na kabla hujahariri hisia ya mguso kwenye sauti yoyote, piga vitufe vyote kimoja kimoja kwa nguvu ileile na usikilize.

Wapenzi wa muziki wa mchiriku watauliza mbona vikinanda vyao vidogo vya Casio havihaririki kabisa na bado vina sauti isiyofanana na ya mtu. Ni kweli, na sababu yake inafundisha: kilichohariri sauti ile ni amplifaya iliyobanwa hadi ikakwaruza pamoja na spika za honi, siyo menyu. Ukitaka kuipata kwenye chombo kikubwa, tumia wimbi la mraba bila filta, mguso sifuri, weka distoshani (athari ya kukwaruza), kisha kwenye ikwalaiza, kirekebishi cha sauti za juu na chini, kata kila kitu chini ya herzi 300 na juu ya herzi 5,000. Kwa taarifa tu, Casio VL-1 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kitu cha vitufe 29 kilichokuwa pia kikokotoo, ilimruhusu mpigaji aandike sauti yake kwa namba ya tarakimu nane: ya kwanza wimbi, zilizofuata envelopu, vibrato na tremolo. Tarakimu nane tu. Leo tuna skrini za rangi na hatuthubutu.

Sinthesisi ya FM, yaani kutengeneza sauti kwa wimbi moja kulitikisa jingine, ni somo la peke yake, nitaipitia kwa haraka. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyeigundua, na Yamaha wakaifanya DX7 mwaka 1983, yenye operata 6 (ndizo osileta zake), algoriti 32, yaani mipangilio ya kuziunganisha, na noti 16 kwa wakati mmoja. Hapo hakuna filta. Operata moja inaitikisa nyingine, na kiasi cha kuitikisa ndicho mwanga wa sauti. Uwiano wa namba kamili, 1 kwa 1, 1 kwa 2, 1 kwa 3, unaleta sauti zenye tuni. Uwiano wa vipande, kama 1 kwa 3.5, unaleta kengele na chuma. Ile piano ya umeme ya DX7 ambayo kila mtu anaijua ilikaa kwenye algoriti ya 5, yenye jozi tatu, na jozi moja ina operata ya uwiano wa 14 inayotoa ule mlio wa kijiko kwenye glasi. Ukitaka kujifunza bila kununua chombo, programu ya Dexed ni ya bure kwenye kompyuta na inasoma sauti za DX7. Kosa kubwa la anayeanza ni kugusa operata zote sita. Zima nne, fanya kazi na mbili hadi uelewe.

Sauti ikishakaa sawa ikiwa kavu, ndipo urudishe athari, na hapo nina neno moja: sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiwa vimeunganishwa kuwa njia moja. Kwenye kumbi zetu nyingi na makanisani, kinanda kinaingia kwenye mikisa kwa waya mmoja, kwenye tundu la L/MONO. Korasi pana na piano ya stirio vilivyokuwa vikipendeza kwenye hedifoni vinakutana pale, mawimbi mengine yanafutana, na sauti inakuwa kama inatokea ndani ya debe. Chomeka waya mmoja, spika moja, ndipo umalizie kazi. Mwangwi upunguze nusu ya ulivyopenda nyumbani, ukumbi wa mabati na sakafu ya vigae una wa kwake. Chini ya herzi 150 kata kwenye kila sauti isiyo besi. Pale ni nyumbani kwa gita la besi na ngoma kubwa.

Na usirundike tabaka bila hesabu. Chombo kinachoweza kutoa noti 128 kwa wakati mmoja ukikipa sauti yenye tabaka nne, kila kitufe kinakula nne, umebakiwa na noti 32. Ukikanyaga sasteni kwenye kodi pana mara tatu, noti za mwanzo zinakatika hewani. Watu husema chombo kibovu. Si kibovu, kimeishiwa.

Kuhifadhi: unachohariri kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Ukichagua sauti nyingine au umeme ukikatika, kimekwenda, na hapa mjini umeme hauagi. Bonyeza WRITE au STORE, chagua nafasi ya mtumiaji, usikubali ile ya kwanza inayojitokeza maana huenda ina sauti yako ya jana, andika jina lenye maana kama QANUNI RASTI DO badala ya NEW 7, thibitisha, na usizime hadi skrini iseme imemaliza. Fanya hivyo kila dakika kumi, siyo mwisho wa kazi. Kisha nakili kila kitu kwenye flashi iliyofomatiwa na kinanda chenyewe, na flashi ya pili ikae nyumbani. Kwenye vyombo vya miaka ya 1980 kama DX7, kumbukumbu inashikiliwa na betri ndogo ya ndani. Ikifa sauti zote zinafutika, kwa hiyo toa nakala kwa MIDI kabla fundi hajaigusa.

Nimalizie kwa wenye maduka, maana nao wamo. Zile flashi zenye "sauti elfu tano" zinazouzwa pamoja na vinanda haziwasaidii wateja. Faili la sauti la modeli moja kwa kawaida halifunguki kwenye modeli nyingine, na lenye kufunguka huja na mwangwi wa mtu mwingine, tuni ya mtu mwingine na volyumu zisizolingana, hata mpigaji anashtuka katikati ya ibada. Badala yake mpeni mnunuzi mwongozo kamili. Kile kijitabu chembamba cha kwenye boksi sicho. Roland wanauita Parameter Guide, Yamaha wana Reference Manual na Data List, na yote yanapakuliwa bure kwenye tovuti zao. Yawekeni hayo kwenye flashi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga kinanda na fundi wa vinanda,
Magomeni, Dar es Salaam.